Kitengo chetu kinauzwa na mimi ndo nimepewa kusimamia kutengana, nianzie wapi?

Msomaji mmoja, meneja wa uendeshaji kwenye kitengo cha kampuni kubwa, ameniuliza hivi: bodi imeamua kukiuza kitengo chao, mnunuzi ameshapatikana, na yeye ameambiwa asimamie kazi ya kukitoa kwenye kampuni mama. "Watu wa IT wananiambia kazi yote ni mifumo, wanasheria wanasema kazi yote ni mikataba, fedha nao wanataka hesabu za miaka mitatu za kitengo ambacho hakijawahi kuwa na hesabu zake. Mkurugenzi anataka plani wiki ijayo. Nianzie wapi, na huu mkataba wa huduma za mpito tuuombe wa muda gani?" (Mkataba huo ni ule ambao kampuni mama inaendelea kukihudumia kitengo kwa muda baada ya kuuzwa.)

Hongera na pole, vyote viwili. Hao wote waliokuambia "kazi yote ni hii" wanasema kweli kwa upande wao, kila mtu anaona kile kinachomuumiza kichwa yeye. Ila kinachoangusha hizi kazi mara nyingi ni kitu ambacho hakipo kwenye orodha ya mtu yeyote, yaani ule msaada wa kila siku mnaoupata kwa kampuni mama (nitaiita mama tu) na hakuna aliyewahi kuuandika. Kuna dada yuko makao makuu kila mwisho wa wiki anapandisha faili la malipo benki kwa vitengo vyote, kwenye maelezo ya kazi yake jina la kitengo chenu halipo, kwenye chati halipo, na siku mtakayotoka wasambazaji wenu hawalipwi, na hakuna atakayeelewa kwa nini mpaka mtu afunge geti na kusema mzigo hautoki.

Kwa hiyo usianze na idara. Ukiwaita wakuu wa idara kwenye kikao ukawauliza "mnatupa huduma gani?" watakupa orodha nzuri sana ya vitu wanavyojivunia. Anza na oda moja. Chukua oda halisi ya mteja wa kweli ya mwezi uliopita, uifuate kwa miguu yako kutoka ilipoingia mpaka hela ilipotua.

Mteja alituma oda kwa imeili, sawa, hiyo anwani ni ya kikoa cha nani? Cha mama. Oda ikaingizwa kwenye mfumo na mtu wenu, vizuri, lakini kikomo cha mkopo wa yule mteja aliidhinisha mtu wa makao makuu, na alimpa kikomo kikubwa kwa sababu mteja huyo huyo ananunua pia kwa vitengo vingine viwili. Bei imetoka kwenye orodha yenu ila punguzo lilikubaliwa kwenye mkataba wa jumla uliosainiwa na mama. Stoo ikatoa mzigo, gari ni la msafirishaji mwenye mkataba na mama, bima ya mzigo njiani ni ya mama. Ankara ikachapwa na namba ya mlipa kodi ya mama. Mteja akalipa, hela ikaingia kwenye akaunti yenye jina la kitengo na mkafurahi, usiku ule ule ikafagiwa yote kwenda akaunti kuu ya kundi kwa sababu hivyo ndivyo hazina ya mama inavyofanya na akaunti zote. Hapo umegundua kwamba asubuhi ya siku ya kwanza ya kujitegemea kitengo chenu hakina hata hela ya kununua karatasi.

Kila hatua andika nani anafanya, yuko upande gani, na siku ya kwanza atakuwepo au hayupo. Basi. Fanya hivyo hivyo kwa manunuzi, kwa mfanyakazi mmoja kuanzia alipoajiriwa mpaka mshahara wake wa kwanza, kwa lalamiko moja la mteja, na kwa kufunga hesabu za mwezi mmoja. Safari hizo tano zitakuonyesha zaidi kuliko dodoso lolote la washauri, na hata huo ugomvi wa IT na wanasheria utaisha wenyewe maana wote watakuwa wanaangalia karatasi moja.

Ukishamaliza hapo ndo unaweza kuchora mpaka, nini kinaenda na nini kinabaki. Vitu vya kitengo peke yake ni rahisi, vya mama peke yake ni rahisi, shughuli iko katikati. Fundi anayehudumia mashine zenu siku tatu na za kitengo kingine siku mbili, anaenda au anabaki? Seva moja yenye data za wateja wa pande zote? Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ambayo mnaitumia nyinyi lakini na kitengo jirani kinaitumia? Kwa watu hao na vitu hivyo kubali kabisa kwamba uamuzi utakuwa wa kuumiza upande mmoja, na uamuzi uandikwe na tarehe na jina la aliyeamua, la sivyo utafufuliwa kila wiki. Kwenye mkataba wa mauziano wanasheria waweke kifungu cha kurudisha kilichokwenda mfuko usio wake, maana hata mkichora vizuri vipi kuna wateja wataendelea kulipa akaunti ya zamani kwa miezi mingi na kuna ankara zitaenda kwa mtu asiyehusika.

Kuna vitu viwili nataka uvianze kesho, kabla hata ya plani. Cha kwanza ni akaunti za benki. Watu wanadharau hili wanadhani kufungua akaunti ni suala la fomu. Kampuni mpya haina historia, benki itataka kujua wamiliki wa mwisho ni akina nani, na kama mnunuzi ni mfuko wa uwekezaji wenye ngazi tano za umiliki kwenye nchi tofauti, hayo maswali yanakwenda wiki na miezi. Bila akaunti hakuna mshahara, na bila mshahara siku ya kwanza haipo. Usajili wa kampuni yenyewe, wa kodi, vibali vya biashara, vyote viko kwenye foleni hiyo hiyo.

Cha pili ni lisensi za programu. Lisensi nyingi zimeandikwa kwa ajili ya mama na kampuni anazozimiliki. Dakika umiliki unapohama nyinyi si kampuni yake tena, haki ya kutumia imekufa hapo hapo hata kama programu bado inafunguka kwenye kompyuta zenu. Na kuna mtego wa ndani zaidi, hata mama akikubali kuendelea kuwaendeshea mfumo kwa muda, muuza programu anaweza kusema mama hana ruhusa ya kutumia lisensi yake kumhudumia mtu wa nje. Kwa hiyo inabidi kumwomba huyo muuzaji kibali mapema, na wengine wakishajua mna tarehe isiyosogezeka wanapandisha bei bila aibu. Mikataba mingine ya pamoja ina njia tatu tu, igawanywe, ihamishwe, au mkatafute upya wenyewe, na ile yenye kifungu cha mabadiliko ya umiliki itahitaji yule mliyesaini naye akubali kwa maandishi. Anza na ile kumi mikubwa kwa hela, hiyo mingine itafuata.

Sasa huu mkataba wa huduma za mpito, maana naona ndo unaokunyima usingizi. Umeuliza muda gani, jibu ni kwamba usiombe muda mmoja kwa mkataba mzima. Kila huduma iwe na muda wake. Mikataba mingi ya hivi inaangukia kati ya miezi sita na miaka miwili, lakini ndani yake mapokezi ya simu yanaweza kuwa ya mwezi mmoja na mfumo wa uhasibu ukawa wa mwaka na nusu. Silika yako wewe unayeondoka itakuwa kuomba mrefu kwa kila kitu ili ulale vizuri, na mimi nakwambia usifanye hivyo, kwa sababu huduma unayopewa na mtu ambaye si ndugu yako tena inazeeka haraka. Watu waliokuwa wanakuhudumia wanahamishwa, mama anabadilisha mifumo yake bila kukuuliza, ombi lako linakaa chini ya rundo. Afu bei. Kawaida mwanzoni ni gharama halisi au gharama na asilimia kidogo, na inapanda ukitaka kuongeza muda. Usipigane sana na hiyo bei ya kupanda, inakusaidia kuwafukuza watu wenu wenyewe waondoke kwenye huduma kwa wakati.

Pigana na maneno. Nimekutana na kiambatisho cha mkataba kama huo kilichosema tu "Kampuni mama itatoa huduma za mishahara kama ilivyokuwa awali." Kinasikika vizuri, eti. Mwezi wa kwanza kikazaa maswali. Nani anaingiza muda wa ziada, na mwisho ni tarehe ngapi? Mtu mpya akiajiriwa na kampuni mpya, anaingizwa kwenye mfumo wa mama au haingizwi, maana "awali" hakuwepo? Kodi ya mshahara inawasilishwa kwa namba ya nani? Mshahara ukikosewa anarekebisha nani na kwa siku ngapi? Na siku mkitoka mtapewa historia ya mishahara kwa mfumo gani, au mtapewa rundo la PDF? Kiambatisho kizuri kinajibu hayo yote kwenye ukurasa mmoja, kinataja kiwango, mfano huduma iwe sawa na ile ya miezi 12 kabla ya mauziano, kinataja jina la cheo cha mtu wa kumpigia, bei kwa mwezi, tarehe ya mwisho, ilani ya kutoka mapema, na kutoka kwenyewe kunafanyikaje na nani analipia. Hiyo ya mwisho ndo inasahaulika kila mara. Kuhamisha data ni kazi, ina gharama, na kama haipo kwenye mkataba mama atakutoza anavyotaka wakati huna pa kwenda.

Angalia pia huduma zinazobebana. Unaweza kufuta huduma ya mishahara mwezi wa sita ukidhani umeokoa hela, kumbe mfumo mpya wa mishahara unasoma taarifa za watumishi kutoka mfumo wa HR wa mama ambao mmepanga kuuacha mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo hamjaondoka popote, mmeongeza daraja jingine la kutunza. Na usisahau kuuliza kinyume chake, kitengo chenu kinamhudumia mama kwa nini? Mara nyingi maabara, stoo, au hata mlinzi wa jengo ni wenu na mama anawategemea.

Kwa hatari ya kuhama mifumo, mfano unaojulikana ni benki ya TSB ya Uingereza. Ilitolewa kwenye benki ya Lloyds, ikanunuliwa na Sabadell ya Hispania mwaka 2015, lakini miaka yote ile ilikuwa bado inaendeshwa kwenye mifumo ya Lloyds na kuilipia. Aprili 2018 wakahamisha wateja wote kwenda jukwaa jipya kwa mkupuo. Data zenyewe zilihama salama, jukwaa ndo likashindwa, wateja mpaka milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao kwa vipindi tofauti, mambo hayakurudi sawa kabisa mpaka Desemba 2018, na Desemba 2022 mamlaka zinazosimamia mabenki zikaipiga faini ya pauni milioni 48.65. Mimi ninachokiona pale ni watu waliokuwa wanakimbia gharama ya huduma za mpito na wakati huo huo wanajenga kitu kipya kabisa. Ukiweza, tengana kwanza kwa nakala ya kilichopo, kibaya hivyo hivyo, afu uboreshe ukiwa kwako. Kila mtu atakuja na wazo la kutumia nafasi hii kubadilisha mfumo wa mauzo, kusafisha bidhaa, kupanga upya timu, na mawazo mengine ni mazuri kweli, waambie baada ya siku ya kwanza. Ukihama nyumba na mgonjwa ndani hubadilishi dawa siku hiyo.

Na fanyeni mazoezi. HP walipokuwa wanagawanyika kuwa HP Inc. na Hewlett Packard Enterprise, tarehe rasmi ilikuwa Novemba 1, 2015, lakini ndani walianza kuendesha kama kampuni mbili tangu Agosti mwaka huo ili matatizo yajitokeze wakiwa bado chini ya paa moja. Nyinyi si wakubwa hivyo, ila hata wikiendi mbili za kuendesha mshahara wa majaribio, ankara ya majaribio na malipo ya shilingi mia kutoka akaunti mpya zitakuonyesha mengi.

Kwa upande wa fedha nitakuwa mfupi. Hesabu za kitengo za miaka mitatu zinatengenezwa kwa kugawa gharama za mama, labda mnatozwa asilimia fulani ya mauzo kwa ajili ya makao makuu. Mnunuzi mjanja anajua hiyo asilimia haina uhusiano na mtakayolipa mkiwa peke yenu, kwa hiyo tengeneza jedwali la pili linaloonyesha gharama za kusimama wenyewe, bima yenu, wakaguzi wenu, lisensi zenu, mhasibu mkuu wenu. Huko nyuma mama naye anabaki na gharama zisizo na wa kuzibeba, jengo lile lile na timu ile ile ikihudumia vitengo vichache. Na hilo linaeleza tabia moja utakayoiona karibuni: idara za makao makuu zitakuwa nzito kukusaidia. Usiwaite wakorofi. Unawaomba wakusaidie kuondoa kazi ambayo ndo inahalalisha nafasi zao.

Watu ni eneo ambalo sheria inatofautiana sana, Umoja wa Ulaya na Uingereza wafanyakazi wanahama moja kwa moja na masharti yao biashara inapohamishwa, sehemu nyingine inabidi mtu aache kazi huku aajiriwe kule, na kila moja ina mlolongo wa kushauriana na wafanyakazi ambao ukiuruka unalipa. Pata mwanasheria wa kazi wa kila nchi mnayofanyia, hapa hakuna kubahatisha. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kwenye zile safari tano majina kama manane au kumi yatajirudia rudia. Hao ndo kampuni, wengine hawana hata cheo. Watengewe bakshishi ya kubaki, nusu siku ya kwanza na nusu miezi sita baadaye, na waambiwe mapema kabla mshindani hajawapigia simu. Uvumi hauwezi kuuzuia, unaweza kuupunguza kwa kutaja tarehe ambayo watu watajua hatma yao, hata kama kwa sasa huna jibu.

Jina nalo. Kama mnauza kwa jina la mama mtahitaji ruhusa ya kulitumia kwa muda. Lenovo waliponunua biashara ya kompyuta ya IBM mwaka 2005 walipata haki ya kutumia nembo ya IBM kwa miaka mitano. Kampuni ya taa ya Philips ilibadilisha jina ikawa Signify mwaka 2018 na ikaendelea kuuza taa kwa jina la Philips kwa lisensi. Hesabu vifungashio, magari, mabango, sare na vyeti vya ubora vyenye jina la zamani, na vyeti ndo vinachukua muda kuliko rangi ya gari.

Kama mnunuzi ni mshindani wenu, jihadhari na kile unachompa kabla ya kufunga dili. Bei za wateja na gharama za kila bidhaa hazipelekwi kwa watu wake wa mauzo, zinapitia timu maalum ya watu wachache iliyokubaliwa na wanasheria. Hata kwenye vikao vya kupanga, mkipanga siku ya kwanza ni sawa, mkianza kukubaliana bei ya kesho sokoni mmevunja sheria za ushindani kwenye nchi nyingi.

Mwisho kuna suala ambalo hukuuliza. Wewe unahama na kitengo. Mpaka siku ya kufunga mwajiri wako ni mama, na unapanga masharti ambayo kesho utakuwa upande wa pili wa meza unayafaidi, kwa mfano hiyo bei ya huduma za mpito. Watu wataliona hilo hata kama wewe huna nia mbaya. Omba mwenzako wa cheo sawa anayebaki kwa mama, msimamie pamoja, yeye asaini mambo ya mama na wewe ya kitengo, na mkishindwana awepo mtu mmoja tu wa juu wa kuamua, ndani ya siku mbili.

Kwa hiyo kwenye plani ya wiki ijayo mpe mkurugenzi ukurasa mmoja: tarehe ya siku ya kwanza, mwenzako wa upande wa mama ni nani, safari tano zitakamilika lini, akaunti za benki na lisensi zimeanzishwa lini, na maamuzi matatu ya mpaka unayotaka ayatoe mwenyewe. Akitaka ile chati ndefu ya rangi rangi mwambie inakuja baada ya safari hizo, kwa sasa ukiichora utakuwa unabuni.